Hesabu ya Siku ya Mafuriko

Ninalo daftari ambalo nimelitunza kwa miaka kadhaa. Ni daftari la kawaida la shule, na ndani yake hamna andiko lolote la kitaaluma. Kila mstari una tarehe, kiasi cha fedha na sahihi mbili: yangu na ya mpwa wangu, aliyekuwa akiendesha pikipiki yangu katika kijiwe kimoja cha Magomeni, Dar es Salaam. Kiasi ni kilekile ukurasa baada ya ukurasa, yaani shilingi 8,000. Katikati ya Aprili 2018 Bonde la Msimbazi lilifurika, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, na watu kadhaa wakapoteza maisha jijini. Mistari ya daftari langu haikukatika hata siku moja.

Nakumbuka usiku mmoja wa juma lile. Kijana alibisha hodi suruali ikiwa imelowa hadi kiunoni, akaniamkia, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na ndani yake zikatoka noti zilizo kavu kuliko yeye. Nilizihesabu, nikatia sahihi. Nikampa pole, nikampa na chai. Sikumrudishia hata shilingi moja, wala wazo hilo halikunijia. Makubaliano yalikuwa makubaliano.

Nayaandika haya hadharani kwa sababu wasomaji wengi wa safu hii ni watumishi wa umma, nanyi mnajua kama nijuavyo mimi kwamba pikipiki nyingi zilizopangwa vijiweni ni mali ya walimu, wauguzi, askari, maofisa na wahadhiri. Tunapoandika kuhusu bodaboda na mafuriko huwa tunaandika kana kwamba tunatazama kutoka dirishani. Mimi sikuwa dirishani. Nilikuwa bosi. Swali ninalotaka kulijibu ni la kihistoria: imekuwaje, katika jiji kubwa kuliko yote nchini, siku ya dhoruba hasara yote ya mvua imwangukie yule mwenye kipato kidogo kuliko wote barabarani?

Mimi na mpwa wangu ni watu wa Kihagara, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Nyuma yetu kuna milima ya Umatengo, mbele yetu maji. Kwetu mvua ina msimu mmoja, tangu karibu Novemba hadi Aprili. Ikishakwisha unaingia upepo wa kusini, mwera, ambao ukiamka waweza kulichafua ziwa siku tatu, nne au zaidi mfululizo. Nilipokuwa mdogo, mwera ukivuma mitumbwi ilivutwa mchangani. Wanaume walikaa kivulini wakishona nyavu, na wazee wakatazama mawimbi. Hakuna aliyewaita wavivu.

Ukiwa mtoto unadhani hiyo ni hekima tu ya wazee. Nilipojifunza historia ya uchumi ndipo nilipotambua kwamba chini ya hekima ile kulikuwa na mpango wa mgawo. Usipa au mbasa wakipatikana, waligawanywa palepale ufukweni: fungu la mwenye mtumbwi na nyavu, na mafungu ya waliovua. Wasipopatikana, hakuna mwenye fungu. Hivyo basi siku ya mwera mwenye mtumbwi alilala bila kitu kama mvuvi wake, na alikuwa na sababu ileile ya kuuheshimu upepo. Sitaki kuyapamba mambo. Njaa ilikuwepo, wapo wenye nyavu waliokuwa wachoyo, na wapo wavuvi waliozama. Lakini hasara ya hali ya hewa ilikuwa ya wote.

Katika historia ya ziwa letu wapo waliozama wakiwa na mambo ya lazima mbele yao. Chauncy Maples, askofu wa misheni ya UMCA iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma, alikufa maji Septemba 1895 wakati mashua yake ilipopinduka kwa dhoruba, akiwa njiani kurudi kwenye kituo chake mara tu baada ya kuwekwa wakfu. Mwaka 1946 meli ya Vipya, iliyokuwa na muda mfupi tu tangu ianze kazi, ilizama upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, na watu 145 wakafa. Mtu wa mtumbwi angeweza kusubiri. Meli yenye ratiba, na mtu mwenye cheo kinachomngoja, husubiri kwa shida zaidi. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana tutaikuta tena Jangwani.

Sasa tuje jijini. Mto Msimbazi unaanzia upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe, unalikata jiji katikati, kisha unamwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, lililopewa jina la mkuu wa kazi za umma wa utawala wa Kiingereza. Mji wa kikoloni ulijengwa kwa matabaka: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, Uswahilini kwa waliobaki. Ndani ya utaratibu huo bonde la mto lilikuwa mpaka na shamba la mboga, mahali ambapo mji ulikoma. Jina la Jangwani lenyewe ni kejeli ya historia, kwa kuwa hapana mahali jijini panapopata maji mengi kuliko hapo.

Jiji limekuwa na mipango mikuu kadhaa: ule wa 1949 uliotayarishwa na wataalamu wa Kiingereza, kisha ya 1968 na 1979 iliyotayarishwa na kampuni za Kanada. Mpango wa 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi hatarishi isiyofaa kujengwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukujua. Tulijua, tukaandika, tukafunga kabrasha. Wakati huohuo watu waliendelea kuja. Sensa ya 1967 ilikuta wakazi wapatao 273,000. Ya 2012 ilikuta 4,364,541. Ya 2022 ilikuta 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo, na ardhi iliyo karibu na kazi na yenye bei nafuu ilikuwa ileile iliyokatazwa. Maji yaliyozoea kunywewa na mchanga wa bonde yakakuta mabati, saruji na taka.

Desemba 2011 mvua kubwa, zilizoelezwa na wataalamu wa hali ya hewa kuwa hazijapata kuonekana jijini tangu 1954, ziliua watu zaidi ya 40. Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mbali na vibarua vyao. Wengine walirudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama za X nyekundu ukutani na tingatinga nyuma yake. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza kazi, na karakana yake kubwa ilikuwa imejengwa palepale Jangwani, ndani ya bonde ambalo raia walikuwa wakibomolewa nyumba kwa kosa la kujenga. Kila masika tangu hapo tumeona maji yakiingia kwenye mabasi.

Hiyo ndiyo historia ya maji. Ipo historia ya pili, ambayo haiandikwi sana: historia ya hesabu.

Neno hili kila mkazi wa jiji analijua. Hesabu ni kiasi ambacho dereva humpelekea mwenye chombo kila siku, awe amepata abiria au hakupata. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Dereva wa UDA alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi. Mvua ikikata barabara, basi liliegeshwa na mshahara ulibaki palepale. Hasara ya siku ile ilibebwa na shirika, maana yake na umma mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri, na mabasi ya UDA yakabaki yametelekezwa. Watu binafsi walishaanza kubeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 serikali ikawaruhusu. Nauli ya shilingi tano, dala, ikalipa gari jina la daladala. Pamoja na daladala ikaenea hesabu. Mishahara ikatoweka kimyakimya, bila tangazo lolote katika Gazeti la Serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva na makondakta waliunda umoja wao, UWAMADAR, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Walijua walichopoteza.

Kisha ikaja pikipiki. Asili ya bodaboda tunaijua: baiskeli za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilizovusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, jina likahamia kwazo na kuenea Afrika Mashariki nzima, ingawa kwetu Ruvuma wengi tulizoea kuziita yeboyebo. Kanuni za kuzisimamia nchini zilitungwa mwaka 2010 chini ya SUMATRA, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na LATRA mwaka 2019. Zisome kanuni hizo: zinashughulika na leseni, kofia ngumu na idadi ya abiria. Kuhusu dereva na mwenye pikipiki kugawana hasara, hazina la kusema. Wala amri za kuwazuia kuingia katikati ya jiji, kama zile za 2014 na 2022, hazikugusa jambo hilo. Tumetunga sheria kuhusu mahali pa kuegesha pikipiki na idadi ya watu wa kupanda, tukaacha makubaliano yanayomtoa kijana nyumbani saa kumi na moja alfajiri yabaki siri ya daftari kama langu.

Tuziunganishe sasa historia hizi mbili. Maji yanapoifunga Jangwani, mabasi ya haraka husimamishwa na daladala hugeuza njia. Maelfu ya watu wa Ubungo, Kimara na Magomeni wanatakiwa kufika Kariakoo, Muhimbili na Posta. Hapo ndipo jiji linapomkumbuka mwendesha bodaboda ambaye jana lilikuwa likimfukuza. Mpwa wangu alinieleza jinsi kazi inavyofanyika. Kijiweni huenda mtu mmoja kutazama, kisha anapiga simu: Jangwani hapapitiki, Kigogo bado panapitika, Mkwajuni subirini. Wengine hutazama magurudumu ya malori, maji yakifika kwenye kitovu cha tairi hawaingii. Ukiingia, unashika gia ya chini na hupunguzi mafuta, kwani ukiyaachia maji yatarudi ndani kupitia bomba la moshi na injini itazima. Ikizima katikati unasukuma. Ukifika ng'ambo unafungua plagi, unaifuta kwa kanga ya abiria, unajaribu tena. Pasipopitika kabisa pikipiki hupandishwa juu ya mkokoteni, na abiria hubebwa mgongoni na vijana wengine kwa malipo. Wagonjwa hupita hivyo. Wauguzi wa zamu hupita hivyo.

Huu ni ujuzi wa kweli. Jiji lina ramani za mafuriko zilizochorwa kwa satelaiti, nazo ni kazi nzuri, lakini saa moja asubuhi ramani iliyo hai zaidi imo vichwani mwa watu waliokaa juu ya pikipiki chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu hata wanafunzi wangu hulitoa: siku hiyo bodaboda hupandisha nauli mara mbili au tatu, kwa hiyo wanafaidika na maafa. Ni kweli hupandisha. Lakini tufanye hesabu kwa uaminifu. Safari zinapungua, kwa kuwa kila moja huchukua muda mrefu. Mafuta yanayotumika ni mengi. Breki, mnyororo na beringi hujaa mchanga. Injini ikinywa maji, gharama ya fundi ni ya nani? Katika makubaliano yangu na mpwa wangu, matengenezo yote yaliyo chini ya kiasi fulani yalikuwa yake. Juma lile la Aprili alimlipa fundi kwa fedha alizokopa kijiweni, na mimi sikujua hadi miezi ilipopita. Mtu aliyenipa habari hiyo hakuwa yeye. Alikuwa katibu wa kijiwe chake, aliyeniuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, kwani siku zile za maji uliendelea kupokea hesabu?"

Swali lile lilinifunza zaidi ya vitabu kadhaa. Nilikuwa nimekulia katika mwambao ambako mwenye mtumbwi hawezi kudai fungu la samaki ambao hawajavuliwa, nikaja jijini nikawa mwenye mtumbwi anayelipwa hata mwera ukivuma. Na kwa sababu nililipwa, sikuwa na haja ya kutazama mawingu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari kwa siku zile. Niliisoma kwenye simu, nikaahirisha kipindi changu cha asubuhi, nikabaki nyumbani. Mshahara wangu wa mwezi ule haukupungua. Mimi nilikuwa bado dereva wa UDA; yeye alikuwa Vipya.

Sisemi kwamba hesabu ndiyo chanzo cha mafuriko. Mvua zinazidi kuwa kali. Msimu wa 2023 na 2024, ulioambatana na El Niño, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Bonde la Msimbazi linahitaji uhandisi, na mradi mkubwa unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye daraja jipya la Jangwani, umekusudiwa kulitengeneza. Nauunga mkono. Lakini daraja litainua barabara moja. Mitaro na mabonde ni mengi, na kijana mwenye hesabu ya jioni atapita palipobaki chini.

Yapo mambo ambayo hayahitaji mkopo. La kwanza ni la sisi wenye pikipiki: kuandika katika makubaliano kwamba siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza tahadhari kubwa, ile ya rangi nyekundu, kwa eneo letu, hakuna hesabu, na kama pikipiki imetolewa kwa mkataba wa kumilikishwa, muda unasogezwa mbele bila adhabu. La pili ni la LATRA na halmashauri: kutoa mfano wa mkataba ulioandikwa, wenye kifungu hicho na kifungu cha gharama za matengenezo yanayotokana na mafuriko, na kuufanya sehemu ya masharti ya leseni. La tatu ni la kamati za maafa, ambazo sheria inataka ziwepo hadi ngazi za chini: viongozi wa vijiwe wakae ndani yake kama wajumbe wenye taarifa, wasiishie kuitwa kituoni siku ya msako wa kofia ngumu. Vijiwe vina mwenyekiti, katibu, orodha ya wanachama na mfuko wa kusaidiana. Ni taasisi tayari. Kinachokosekana ni sisi kuzitambua.

Wanaharakati wataniambia kwamba haya ni madogo, na kwamba dawa ni usafiri wa umma wenye ajira za staha. Nakubaliana nao. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba ajira ya namna hiyo ilikuwepo hapa, ikaporomoka na shirika lililoibeba. Lakini kujenga upya kitu kama hicho kutachukua miaka, na masika huja kila Machi.

Pikipiki ile si yangu tena. Mkataba uliisha, mpwa wangu akaichukua, na baada ya miaka michache ya jiji akarudi nyumbani. Lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, na vijana wengi wanafanya kazi hiyo huko. Lakini njia za kufuata mwambao ni udongo kwa sehemu kubwa, na milima ikinyeshewa vijito hushuka kwa ghafla na kukata njia. Masika iliyopita nilimpigia simu mchana, nikamkuta ng'ambo ya kijito kimoja, na abiria wake wawili, mmoja wa kila pikipiki, wamejikinga chini ya mwembe.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Tunasubiri maji yapungue."

Nikamuuliza kama hawezi kuvuka, yeye aliyekuwa akivuka Jangwani. Akacheka.

"Ninaweza. Ila leo hakuna anayenidai jioni."